Adapta ya maiki safarini: thibitisha kwanza simu inasikiliza wapi

Adapta ya maiki ikigoma, simu haikuambii. Inarudi kimyakimya kwenye maiki yake ya ndani, mistari ya sauti inaendelea kupanda na kushuka kwenye kioo kama kawaida, na anayerekodi hajui lolote mpaka afungue faili usiku, akiwa ameshafika anakolala. Sauti ipo, ila ni ya mbali, ina mwangwi wa chumba, na kila kidole kilichoigusa simu kinasikika kuliko mzungumzaji. Aliyehojiwa ameshaenda zake, na hakuna programu ya kuhariri inayoweza kurudisha sauti ambayo maiki ya kwenye kola haikuwahi kuipeleka popote.

Ndiyo maana sisi tunaorekodi njiani tumeacha kuamini kioo. Tunaamini kukwaruza. Anza kurekodi, kwaruza taratibu kwa ukucha kwenye wavu wa maiki mara tatu, kisha kwaruza mara tatu kwenye vitundu vya maiki vilivyo chini ya simu. Simamisha, sikiliza. Mkwaruzo uliotoka mkubwa na mkavu ndio unaokuonyesha maiki inayofanya kazi. Ukisikia wa kwenye simu ndio mkubwa, chomoa kila kitu uanze upya. Usipulize maiki badala ya kukwaruza: pumzi ina unyevu, tena maiki za utepe, zile zenye ukanda mwembamba wa chuma ndani, zinaweza kuharibika kwa upepo wa mdomo. Rudia jaribio kila pini ikichomolewa, kila simu ikipigwa katikati ya kazi, na kila ukihamia programu nyingine ya kurekodi. Programu moja inaweza kuiona adapta na nyingine isiione, kwenye simu ileile, dakika ileile.

Hesabu mistari myeusi kwenye pini

Chukua pini ya maiki yako, ile ya milimita 3.5, uiangalie kwa karibu. Chuma chake kimekatwa na vijimstari vya plastiki, mara nyingi vyeusi. Mistari miwili inagawa chuma vipande vitatu, na pini hiyo huitwa TRS. Mistari mitatu inagawa vipande vinne, nayo ni TRRS. Maiki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera na vinasa sauti huja na mistari miwili. Tundu la simu linataka mitatu.

Kwenye simu nyingi za sasa mpangilio ni huu: ncha ni sikio la kushoto, kipande cha pili ni sikio la kulia, cha tatu ni ethi (njia ya kurudishia umeme), na cha mwisho, kilicho karibu na kebo, ni maiki. Ukichomeka pini yenye vipande vitatu, shina lake refu linagusa ethi na maiki kwa pamoja. Simu inaona njia ya maiki imeunganika na ethi, inaamua kwamba umechomeka hedfoni zisizo na maiki, na inaendelea kutumia maiki yake. Maiki yako haina ubovu wowote. Haikupata mlango wa kuingilia tu.

Dawa yake ni adapta ya kugeuza vipande vitatu kuwa vinne, kikebo kifupi chenye tundu upande mmoja na pini ya mistari mitatu upande wa pili. Hapo ndipo wengi wanaponunua kitu kisichofaa, kwa sababu kuna vifaa vitatu vinavyofanana kwa sura. Kimoja ni hicho cha TRS kwenda TRRS. Cha pili ni kigawanyio cha hedfoni zenye maiki, chenye matundu mawili, moja la maiki na moja la kusikiliza. Cha tatu kinafanya kinyume cha cha kwanza, yaani kinachukua maiki ya simu na kuipeleka kwenye kamera. Usitazame picha kwenye pakiti. Hesabu mistari kwenye pini, na soma kimeandikwa tundu lake linapokea nini. Kile kigawanyio, ukiwa nacho chenye tundu la maiki la TRS, kina faida yake: maiki inaingia na hedfoni zinapata pa kuingia.

Kuna simu za zamani zilizobadilisha nafasi ya ethi na maiki. Ukikutana nayo, sauti inatoka nyembamba na dhaifu, au haitoki kabisa, na muziki kwenye hedfoni unasikika bila sauti ya mwimbaji. Adapta ya kugeuza mpangilio huo ipo, lakini kwa safari ni heri kutumia simu nyingine.

Simu zisizo na tundu la pini zimeleta mtego wake. Tangu iPhone 7 ilipoliondoa tundu hilo mwaka 2016, na kampuni nyingine kufuata, vikebo vya kutoka USB-C kwenda tundu la milimita 3.5 vimejaa kila mahali. Kwa nje vyote ni kimoja. Ndani kuna vyenye chipu ya kubadilisha sauti kuwa data na data kuwa sauti, na kuna vya waya mtupu, vinavyotegemea simu yenyewe itoe sauti ya kawaida kupitia tundu la USB-C. Cha waya mtupu kitafanya kazi kwenye simu chache zinazokubali mtindo huo na kunyamaza kwenye nyingine zote. Hata miongoni mwa vyenye chipu, vingine vina chipu ya kusikilizia tu: muziki unasikika vizuri sana, na maiki haiingii kamwe. Kusikia muziki kwenye hedfoni, basi, hakuthibitishi chochote kuhusu kurekodi.

Halafu kikebo hicho bado kinataka pini ya vipande vinne. Kwa hiyo maiki ya kamera inafika kwenye simu kwa mnyororo: maiki, adapta ya TRS kwenda TRRS, kikebo cha USB-C, simu. Viungo vitatu, na kila kimoja kinaweza kulegea mfukoni. Kama unarekodi mara kwa mara, nunua kisanduku kidogo kinachopokea maiki moja kwa moja na kutoka kwa USB. Mfano ni Rode AI-Micro: ina matundu mawili ya maiki yanayotambua yenyewe kama pini ni ya vipande vitatu au vinne, na tundu la hedfoni. Faida kubwa kwa mahojiano ni kwamba watu wawili wanaweza kuingia kila mmoja kwenye chaneli yake. Kigawanyio cha kawaida kinachounganisha maiki mbili kwenye njia moja kinazichanganya hapohapo, na mmoja akikohoa wakati mwenzake anaongea huwezi tena kumtoa.

Maiki kubwa na pini tatu za XLR

Maiki za mkononi na zile za studio hutumia plagi ya XLR yenye pini tatu. Pini ya 1 ni ethi, ya 2 ni sauti, ya 3 ni sauti hiyohiyo ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Kifaa kinachopokea kinafanya hesabu ya kutoa: ya 2 kuondoa ya 3. Kelele iliyoingia njiani, kutoka kwenye nyaya za umeme au taa, imeingia sawasawa kwenye nyaya zote mbili, hivyo inajifuta. Sauti yenyewe inabaki. Kwa sababu hiyo kebo ya XLR ya mita kumi inaweza kuwa safi, wakati kebo ya pini ndogo ya urefu huo inaanza kuokota kila kinachopita hewani.

Adapta ya kuleta XLR kwenye simu au kompyuta iko ya namna mbili, na hatuzihesabu kuwa sawa. Moja ni ya waya mtupu, XLR upande mmoja na pini ya milimita 3.5 upande wa pili. Nyingine ina kikuza sauti na chipu ndani, inatoka kwa USB. Chukua ya USB kila unapoweza. Ya waya mtupu inaondoa ule ulinzi dhidi ya kelele, haikuzi sauti, na mara nyingi imeungwa vibaya kwa kazi yako.

Hili la kuungwa vibaya linastahili maelezo, maana limeharibu rekodi nyingi. Kebo nyingi za aina hiyo zinapeleka pini ya 2 kwenye ncha na pini ya 3 kwenye kipande cha kati. Ukichomeka kwenye kamera au kinasa sauti chenye tundu la sterio, kushoto unapata sauti na kulia unapata sauti hiyohiyo iliyogeuzwa. Ukisikiliza kwa hedfoni unaona sauti ni pana ajabu, haina mahali inapotoka. Ukiicheza kwenye spika moja ya simu, kushoto na kulia vinajumlishwa na kufutana, na mzungumzaji anapotea. Ukiwa umeshapata faili ya namna hiyo usiitupe: fungua kwenye programu ya kuhariri, futa chaneli moja, nakili iliyobaki pande zote mbili. Ukitaka kebo iliyo sahihi kwa tundu la sterio, fundi aunge pini ya 2 kwenye ncha na kipande cha kati kwa pamoja, na pini za 1 na 3 kwenye shina.

Kosa hilohilo lipo kwa upande wa pili. Maiki ndogo yenye sauti moja iliyorudiwa kushoto na kulia, ukiiongezea adapta ya kuifanya pini kubwa ya milimita 6.35 na kuichomeka kwenye tundu linalofanya ile hesabu ya kutoa, kifaa kinatoa sauti kwenye sauti iliyo sawa nayo. Kinachobaki ni sifuri na mnong'ono wa mbali. Watu huongeza geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, mpaka mwisho na kulaumu maiki, wakati kilichohitajika ni adapta ya kupeleka upande mmoja tu.

Volti 48 na simu yenye betri ndogo

Maiki za kondensa zinahitaji umeme ili zifanye kazi. Kwenye XLR umeme huo ni volti 48, unaopanda kwa pini za 2 na 3 kupitia vizuizi vya kilo-omu 6.8 kila kimoja, na kurudi kwa pini ya 1. Wengi wanauita fantomu. Maiki za dainamiki, kama Shure SM58, haziuhitaji. Volti 48 haziidhuru dainamiki iliyo nzima yenye kebo nzima, lakini tunazima kila ikiwa haihitajiki, kwa sababu maiki za utepe za zamani zinaweza kuumia na kwa sababu umeme huo unakula betri ya simu bure.

Maiki ndogo za kubana kwenye kola nazo zinataka umeme, ila wa volti 2 hadi 5 hivi, unaotoka kwenye tundu la simu, kamera au kinasa sauti. Ukitaka kuitumia maiki ya namna hiyo kwenye XLR, adapta ya waya mtupu haifai. Unahitaji ile inayopunguza volti 48 kuwa volti chache, kama Rode VXLR+. Toleo lake la kawaida, lisilo na alama ya kujumlisha, halifanyi kazi hiyo, na yanauzwa pamoja.

Kuwasha kuna utaratibu. Chomeka kila kitu kwanza, shusha geini mpaka chini, bonyeza 48V, subiri sekunde kama kumi maiki itulie, ndipo upandishe geini. Kuzima ni kinyume chake: shusha geini, zima 48V, subiri, chomoa. Ukichomeka au kuchomoa maiki umeme ukiwa umewaka, unapata mlipuko wa sauti unaoumiza masikio yaliyovaa hedfoni.

Adapta ya USB inapata volti 5 tu kutoka kwenye simu, inazipandisha kufika 48 kwa saketi yake. Kanuni ya fantomu inaruhusu maiki itumie hadi miliampea 10, yaani karibu nusu wati. Ukirudisha hesabu hiyo kwenye volti 5 ni kama miliampea 100, bado hujaongeza upotevu wa saketi, chipu na hedfoni. Simu nyingine inakataa. iPhone zenye tundu la Lightning zinaonyesha ujumbe kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi mno, na hapo suluhisho ni ile adapta ya kamera ya Lightning yenye tundu la pili la kuchajia, ukachomeka pawabenki. iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizofuata zina USB-C na zinatoa umeme wa kutosha zaidi. Baadhi ya simu za Android zinakutaka uwashe OTG, yaani ruhusa ya simu kuendesha vifaa vya USB, kwenye mipangilio, na baadhi yake zinaizima zenyewe baada ya muda zisipoona kifaa. Njia nyingine ni adapta yenye betri yake. iRig Pre, kwa mfano, inatumia betri ya volti 9 na kuipumzisha simu. Ukichagua njia hiyo, betri ya akiba iwe kwenye mfuko uleule wa adapta.

Geini, na ule muda wa kicheko

Dainamiki ina sauti ndogo. Kwa mtu anayeongea kawaida unaweza kuhitaji desibeli 50 hadi 60 za geini, na adapta nyingi ndogo hazifiki huko kwa usafi. Shure MVX2U inafika desibeli 60 na kurekodi kwa biti 24 (biti zikiwa nyingi, sauti ndogo hunaswa kwa usafi zaidi). X2u, iliyoitangulia, inaishia biti 16. Ikiwa adapta yako imefika mwisho na sauti bado ni ndogo, usikimbilie kuongeza kwenye programu ya kuhariri, maana utapandisha na ule mchuruziko wa saketi. Sogeza maiki. Kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata karibu desibeli 6 bila gharama yoyote. Maiki ya mkononi iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili herufi za p na b zisiipige usoni.

Kuweka kiwango kuna ujanja mmoja muhimu kuliko yote. Ukimwambia mtu ahesabu moja mpaka kumi, anahesabu kwa sauti ya mtu aliye kwenye foleni ya ofisi. Mahojiano yakianza kunoga anapaza, anacheka, anapiga kofi, na sauti inapasuka. Muulize jambo analolipenda, mwache aseme nusu dakika, umfanye acheke ukiweza, huku ukitazama kipimo. Sauti ya kawaida icheze kati ya desibeli -20 na -18, na vilele visipite -12. Kwa biti 24 hakuna haja ya kubana karibu na sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kipimo. Nafasi iliyobaki juu ni ya kicheko.

Kumbuka kuna vipunguzio viwili, cha adapta na cha programu. Panga kwa cha adapta, na cha programu ukiache mahali pake pa kawaida. Kama geini ya adapta imezidi, sauti inapasuka ndani ya adapta kabla haijafika kwenye simu, na ukiipunguza kwenye programu kipimo kitaonyesha -10, kijani kabisa, huku sauti ikiwa imeshaharibika. Ukiona mawimbi yenye vichwa vilivyokatwa bapa chini ya sifuri, hicho ndicho kilichotokea. Hedfoni zinakuambia mapema kuliko kipimo.

Zima pia marekebisho ya simu ya kujipandishia sauti na kufuta kelele. Yanajitambulisha kwa dalili moja: mzungumzaji akinyamaza, kelele za nyuma zinavimba polepole, na akianza tena zinazama. Android, tangu toleo la 7, inaruhusu programu kuomba sauti isiyoguswa, lakini ni programu yenyewe inayopaswa kuomba. Tafuta inayokupa uchaguzi wa chanzo cha sauti na wa aina ya faili.

Faili iwe WAV, yaani sauti isiyobanwa, kilohezi 48, biti 24. Kwa mono hiyo ni megabaiti 8.6 kwa dakika, kama megabaiti 520 kwa saa. Kwa sterio zidisha kwa mbili. WAV ya kawaida haiwezi kupita gigabaiti 4, ambayo ni kama saa nne za sterio, lakini usisubiri kufika huko. Simamisha na uanze faili mpya kila baada ya nusu saa, kwenye kituo cha mazungumzo. Betri ikikata ghafla, unapoteza kipande badala ya siku nzima.

Kinachoharibikia njiani

Adapta ngumu iliyochomekwa moja kwa moja kwenye simu inafanya kazi ya nyenzo. Kebo ya maiki ikivutwa kidogo, nguvu yote inaishia kwenye tundu la USB-C, na tundu likishalegea, sauti inakatika kila simu ikitikisika. Weka kikebo kifupi cha sentimita 10 hadi 20 kati ya simu na adapta, bandika adapta mgongoni mwa simu kwa utepe, na uache kitanzi kidogo cha kebo ili mvuto uishie kwenye utepe. Kikebo hicho lazima kipitishe data. Kebo nyingi zinazokuja na vifaa vidogo ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Zipime nyumbani, zile zenye data uzifunge utepe wa rangi. Kama plagi haikazi mpaka mwisho, kagua tundu: nyuzi za mfukoni hujishindilia chini yake mpaka plagi inasimama milimita moja kabla ya kufika. Zima simu, zitoe kwa kijiti cha mbao.

Mvumo mzito usiokoma, hasa simu ikiwa kwenye chaja ya ukutani, ni umeme wa hezi 50 au 60 unaopita kupitia chaja na ethi. Chomoa chaja. Ukikoma, umepata mchawi, tumia pawabenki. Kompyuta nayo ichomolewe chaja wakati wa kurekodi. Sauti ya "tititi-tititi" ni jambo jingine: ni redio ya simu yenyewe ikiwasiliana na mnara kwa mtindo wa zamani wa 2G, inaingia kwenye kebo isiyokingwa. Weka hali ya ndege. Unaondoa kelele hiyo, na papo hapo unazuia simu inayopigwa isije kuchukua maiki na kusimamisha rekodi. Zima na kiokoa betri, kwa kuwa baadhi ya simu huifunga programu ya kurekodi kioo kikizima.

Nje, adui ni upepo. Sponji inazuia pumzi ya mzungumzaji, haizuii upepo wa uwanjani. Kwa huo unahitaji kifuniko cha manyoya, hata kwa maiki ndogo ya kola. Upepo ukiipiga maiki iliyo wazi, ngurumo yake inajaza kipimo na kuipasua sauti, na hakuna kichujio kitakachoirudisha baadaye. Kama adapta ina kichujio cha kukata sauti nzito chini ya hezi 80 au 100, kiwashe kwa kazi ya kuongea. Msimamishe mzungumzaji upepo uwe mgongoni mwake.

Maiki ya kola ibanwe sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, kama shubiri moja. Piga kitanzi kidogo cha kebo nyuma ya kibanio, ili kebo ikivutwa mtikisiko usifike kwenye maiki. Mwombe mvaaji atoe mkufu na asogeze mtandio, kisha ageuze shingo kushoto na kulia huku ukisikiliza.

Chumba cha wageni chenye friji na kiyoyozi kinavuma kuliko kinavyoonekana. Zima vyote viwili, na ufunguo wa chumba uuweke ndani ya friji: hutaweza kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Ukitoka chumba cha baridi kwenda nje penye joto na unyevu, acha maiki ya kondensa ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na pakiti za kufyonza unyevu, kwa nusu saa hivi. Ikifunguliwa mapema, umande unakaa kwenye utando wake na inaanza kupasukapasuka kama mafuta ya kikaangio.

Kwenye ndege, pawabenki inakwenda kwenye begi la mkononi, hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Zidisha miliampea-saa kwa 3.7, gawa kwa 1000: pawabenki ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Hakikisha maandishi ya uwezo wake hayajafutika, kwa kuwa mkaguzi anaweza kuizuia isiyosomeka. Kwa chaja, soma kama imeandikwa 100–240V. Adapta ya plagi ya ukutani inabadilisha umbo la pini tu, volti zinabaki zilezile za nchi uliyofika.

Kwenye mfuko, beba mbili za ile adapta ndogo ya TRS kwenda TRRS. Ndiyo rahisi kuliko vyote na ndiyo inayopotea kwanza. Beba pia maiki moja inayoingia kwenye simu bila adapta yoyote. Na kwa mahojiano yasiyorudiwa, simu ya pili irekodi kwa maiki yake ya ndani, juu ya meza, ndani ya mita moja. Piga kofi moja mwanzoni, ili faili mbili ziweze kulinganishwa kwa kilele hicho.

Mazungumzo yakiisha, usichomoe kitu. Omba wote mnyamaze, urekodi sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa mahali hapo. Utazihitaji kuziba mapengo ya kuhariri, na ukimya wa chumba kingine haushoni vizuri. Kisha, mzungumzaji akiwa bado ameketi, sikiliza sekunde kumi za mwanzo, kumi za katikati na kumi za mwisho, kwa hedfoni. Hapo bado unaweza kumwomba arudie jambo moja. Jioni nakili faili kwenye kompyuta na kwenye diski au kadi inayokaa begi tofauti, zipe jina lenye tarehe na mahali, na usifute za kwenye simu mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kusikika.